Mzee aliambiwa kidonda kinakauka, kumbe kinaoza kwa ndani. Malindi, hospitali tunaidai vipi?

Mwana wa Nahodha (mwenye uzi)

Assalaam aleikum wanajukwaa. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Babangu ni mvuvi, sisi ni wa Shela hapa Malindi. Ana miaka 63. Oktoba 2024 alipasuliwa ngiri katika hospitali moja ya binafsi. Ngiri hiyo kaishi nayo miaka, akiikaza kwa leso kisha anaingia baharini kama kawaida. Sisi watoto ndio tuliomsukuma aitengeneze kabla kaskazi haijakolea, ili Desemba awe chomboni. Bima ya taifa ya NHIF ndiyo imeondoka, ya SHA ndiyo imeingia mwezi ule ule, mfumo ukawa haumtambui, tukalipa taslimu. Daktari akatueleza kwamba atamwekea wavu wa plastiki kushikilia nyama isichomoze tena. Mzee alicheka mpaka akakohoa: "Miaka arubaini nawatega kwa wavu, leo nategwa mie."

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri, siku ya pili akaruhusiwa. Yaliyofuata nawapa kwa siku, maana dadangu mdogo, ana miaka 14, alikuwa akiandika kila kitu nyuma ya daftari lake la madrasa.

Siku ya 5. Homa ya usiku. Nyama ya pembeni ya kidonda imekuwa nyekundu na ukiigusa ina moto. Tukarudi hospitali. Tabibu wa zamu akatazama bendeji kwa juu, hakuifungua, akasema ndiyo kupona huko. Akaandika vidonge vya maumivu.

Siku ya 8. Harufu. Mamangu amepara samaki maisha yake yote, akainama, akanusa, akasema, "Huyu ni samaki aliyelala." Tukapanda tuktuk. Muuguzi akasema ni harufu ya dawa na jasho, akabandika plasta mpya juu ya ile ya zamani. Juu ya ile ya zamani, nimeona kwa macho yangu. Daktari aliyempasua yuko Mombasa, huja Malindi Alhamisi, tusubiri. Kabla hajabandika nilipiga picha mbili kwa simu. Ukingo wa bendeji umelowa rangi ya chai ya maziwa, na kutoka hapo kuna mstari mwekundu unapanda kuelekea kitovuni. Nikamtumia dadangu mkubwa aliye Nairobi kwa WhatsApp, saa 4:12 asubuhi.

Siku ya 11 mzee akaanza kuweweseka, anaita watu waliozama zamani. Tukampeleka kwingine. Walipokata uzi wa kwanza tu usaha ulimwagika mpaka kwenye kandambili za daktari. Sumu ilikuwa ishaingia kwenye damu. Ambulansi usiku ule mpaka Mombasa, kilomita kama 120, mamangu njia nzima kamshika kidole gumba cha mguu kwa sababu ndicho pekee kilichokuwa hakina mpira wala sindano. Alipasuliwa mara mbili tena, wavu ukatolewa, siku sita kalala chumba cha mahututi. Siku 26 kwa jumla.

Yuko hai, alhamdulillahi. Lakini ngiri imerudi pale pale, tumbo lina bonde, kamba hawezi kuvuta. Msimu mzima wa kaskazi umepita akiwa kitandani. Sasa ni Mei, miezi saba. Nilipokwenda kuomba faili niliambiwa faili ni mali ya hospitali.

Swali langu: hii ni kesi, au ni bahati mbaya tu na sisi tunahangaika bure?

Binti Muyeye

Poleni sana, kakangu. Mpe mzee salamu. Na jina la hospitali usilitaje hapa hata ukichokozwa vipi, watakugeuzia kibao, uwe wewe mshtakiwa wa kuchafua jina.

Mzee wa Baraza

Mwanangu, babako yu hai. Wangapi wameingia huko wakatoka kwa jeneza? Mshukuru Mungu, samehe, uendelee na maisha. Kesi zitakula hata hicho chombo.

Mwana wa Nahodha

Shikamoo mzee wangu. Mamangu naye husema hivyo hivyo. Lakini deni la Mombasa ni laki nane na kitu, na wanaotudai hawajasamehe.

Nesi wa Zamu

Nimefanya kazi wodi ya upasuaji miaka 11, acha niseme yasiyopendeza pande zote mbili.

Kidonda cha upasuaji kuingia vijidudu si uzembe. Hutokea hospitali kubwa za Ulaya, hutokea kwa daktari hodari kuliko wote. Kwa hiyo mkienda kwa wakili mkasema "alipata maambukizi", mmekwisha kushindwa. Kuna mambo ya kuangalia ya kabla: Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2016 linataka antibiotiki ya kinga itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kukata, na nywele zisinyolewe kwa wembe. Hayo huandikwa kwenye karatasi za thieta, chumba cha upasuaji. Yaangalieni, ila sidhani kama ndipo penye jambo.

Jambo liko siku ya 5. Homa, wekundu, joto, maumivu, na chini yake kuna wavu. Mgonjwa wa namna hiyo hafuatiliwi siku tatu nne. Kidonda cha kawaida huangaliwa siku 30, na palipoachwa kitu cha kigeni mwilini ni siku 90. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua bendeji hufunguliwa. Unafungua, unabonyeza, unanusa, ukiona majimaji unachukua kwa pamba yanakwenda maabara kuoteshwa, unampigia daktari simu hata kama yuko Mombasa. Pengine zingekatwa nyuzi mbili tatu, usaha ukatoka, akapewa dawa inayofaa, mambo yakaishia hapo. Simwambii mtu kwamba wavu ungepona, hilo ni la daktari mpasuaji kusema. Lakini swali ndilo hilo.

Na sasa upande wangu. Kuna usiku nimekuwa peke yangu na vitanda 38. Mnapomtaja muuguzi, jiulizeni nani alimpanga pale peke yake.

Mzee ana sukari?

Mwana wa Nahodha

Anayo, ya vidonge. Walijua, waliipima kabla ya kumpasua. Ahsante dada, umenifungua macho. Mimi nilikuwa nahangaika na vijidudu vilitoka wapi.

Chapati Mbili

Basi hapo ndipo watakapojificha. "Ni sukari yake."

Wakili wa Mtaani

Wajifiche tu. Sukari inageuka kuwa hoja yenu: waliijua, kwa hiyo walitakiwa kumwangalia mara mbili zaidi ya mtu mzima wa afya. Tena sheria humchukua mtu kama alivyokutwa. Huwezi kumvunja mwenye mifupa laini kisha ukadai mifupa ilikuwa laini.

Nitaandika kwa jumla, mimi si wakili wenu na sijaona karatasi hata moja.

Kesi ya uzembe wa matibabu inasimama kwa miguu minne: walikuwa na wajibu kwake, wajibu ukavunjwa, kuvunjwa huko ndiko kulikoleta madhara, na madhara yenyewe yapo. Wa kwanza na wa nne kwenu hauna mjadala. Wa pili, mahakama zetu bado hurejea kipimo cha kesi ya Uingereza ya 1957, Bolam: je, kundi la madaktari wenye ujuzi huo wangekubali kwamba alichofanya ni sawa? Ndiyo maana bila daktari mwingine wa upasuaji kuandika ripoti, hamna kesi, mna masikitiko. Na mji wenyewe ni mdogo, madaktari wanapokezana zamu hospitali hizo hizo, usitegemee wa hapa hapa. Waulizeni wale wa Mombasa waliotoa wavu. Walikiona kidonda, na majibu ya usaha ulioteshwa wanayo.

Mguu wa tatu ndio unaoangusha watu. Msidai maambukizi, daini zile siku sita, toka ya 5 hadi ya 11. Alikuja na nini, akaondoka na nini, na kama angefunguliwa siku ya 5 leo angekuwa wapi.

Muda. Sheria ya Mipaka ya Muda, Sura ya 22, inawapa miaka 3 kwa madai ya uzembe. Hesabuni Oktoba 2024, na msiikaribie Oktoba 2027 kwa kujivuta. Ingekuwa ni hospitali ya serikali ningewaambia mkimbie sasa hivi, maana sheria ya kuidai serikali, Sura ya 39, ni miezi 12.

Faili. Karatasi ni ya hospitali, habari iliyo ndani ni ya mgonjwa. Kifungu cha 35 cha Katiba, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ambayo inatoa siku 21 za kujibu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Andikeni barua, mzee aisaini mwenyewe au aweke dole, mpeleke nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Ombeni kila kitu: karatasi za thieta, chati ya joto, maelezo ya wauguzi, daftari la wagonjwa wa nje.

Halafu msiwape mwanya wa kurushiana mpira. Mtawaambia hospitali, watasema daktari alikuwa wa kuja na kuondoka, si mwajiriwa. Wote wawili wanaingia kwenye hati ya madai.

Kaskazini Amu

Hiyo miezi 12 imetukata sisi. Shemeji alipasuliwa hospitali ya umma, si Malindi, kidonda kikaoza. Mpaka apone tuliona tusimsumbue. Kisha tukapeleka malalamiko kwa barua, tukaambiwa yanashughulikiwa, tukakaa. Ukiwa Amu kila safari ya wakili ni boti mpaka Mokowe, kisha basi mpaka Malindi, kulala, na kurudi. Tulipofika mbele ya wakili wa kweli ilikuwa mwezi wa 15. Alisoma karatasi zote, akatunywesha kahawa, akasema hana la kufanya. Kahawa ile sitaisahau.

Chapati Mbili

Kwani si mnaenda tu Baraza la Madaktari? Bure, bila wakili.

Wakili wa Mtaani

Nendeni, ni haki yenu, lakini mjue linafanya nini. Baraza hilo, KMPDC, ni la leseni na nidhamu: laweza kumwonya daktari, kumsimamisha, kumfuta kwenye rejista, na hospitali zenyewe leseni zao zinatoka huko. Deni la Mombasa halitalipwa na hukumu ya nidhamu, hiyo ni kazi ya mahakama. Pia tabibu (clinical officer) aliyetazama bendeji kwa juu si wa baraza hilo, matabibu wana lao na wauguzi wana lao. Na kubwa kuliko yote, malalamiko yakiwa Nairobi saa ya Sura ya 22 haisimami. Nimeona watu wakisubiri jibu la baraza mpaka miaka mitatu ikawapita wakiwa wamekaa.

Mwana wa Nahodha

Na malipo ya wakili? Kuna mmoja hapa mjini kasema tusitoe kitu, tukishinda tugawane nusu kwa nusu.

Wakili wa Mtaani

Mkimbie. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinabatilisha mapatano ya "ukishinda ndiyo unilipe". Anayeanza kwa kuvunja sheria ya kazi yake, atakuvunjia na wewe. Kulipa kidogo kidogo kunaruhusiwa, zungumzeni. Mtu asiye na kitu kabisa ana njia ya kuomba kushtaki kama fukara, Agizo la 33 la kanuni za kesi za madai, na upo msaada wa kisheria wa serikali chini ya sheria ya 2016. Lakini jueni pia kwamba anayeshindwa kwa kawaida hubeba gharama za mwenzake. Mzee wa Baraza hakusema uongo kuhusu chombo.

Binti Muyeye

Risiti vipi? Sisi wengine tuktuk haitoi risiti.

Wakili wa Mtaani

Hasara ya fedha lazima itajwe shilingi kwa shilingi na ithibitishwe. Isiyo na karatasi huwa imekwenda. Chukueni taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima, malipo ya dawa na nauli mengi yamo humo. Fidia ya maumivu ni kitu kingine, hiyo hakimu hupima kwa kesi zilizotangulia.

Chapati Mbili

Na mvuvi? Hana hati ya mshahara.

Kaskazini Amu

BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuko, ina daftari la samaki wanaoshushwa. Kila chombo na kilo zake. Ombeni kurasa za kaskazi ya 2023 na ya 2024 mlinganishe. Nahodha akiwa kitandani daftari litasema lenyewe.

Mwana wa Nahodha

Wallahi hilo sikuliwaza. Kesho asubuhi niko bandarini.

---

Mwana wa Nahodha (mrejesho, Agosti)

Wanajukwaa, faili tumelipata. Barua ya kwanza ilikaa siku 21 kimya. Ya pili, ya wakili wetu wa hapa Malindi, mwanamke mmoja mkali hana mchezo, ilijibiwa baada ya siku 6. Kurasa 31 za nakala, tukalipia kila ukurasa.

Siku ya 5 haimo. Hakuna ukurasa, hakuna mstari, kana kwamba hatukukanyaga pale. Nilikaa chini nikahisi ardhi inazunguka. Mamangu akaingia ndani, akatoka na lile kopo la biskuti anamoweka vyeti vya kuzaliwa, akamwaga yote mkekani. Chini kabisa kulikuwa na risiti ya duka lao la dawa, vidonge vya maumivu, shilingi 350, jina la mzee, na tarehe. Wino umefifia lakini unasomeka. Yeye hakuitunza kwa ajili ya kesi. Hatupi karatasi yenye jina la mumewe, basi.

Siku ya 8 imo. Imeandikwa: kidonda kisafi, kikavu, hakuna harufu. Saa iliyoandikwa ni 4:30 asubuhi. Picha yangu ni ya saa 4:12.

Nesi wa Zamu

Dakika 18. Nimesoma mara tatu. Mimi nimetetea wenzangu hapa juu, na bado nasema wodi zimeelemewa, lakini hilo la kuandika kikavu bila kufungua halina utetezi. Bora angeandika "sikufungua".

Wakili wa Mtaani

Simu ile iko wapi?

Mwana wa Nahodha

Ninayo. Nilikuwa nishapatana na jamaa wa sokoni Jumamosi hii aichukue niongeze kidogo anipe nyingine. Kioo kimepasuka.

Wakili wa Mtaani

Usiuze, kakangu! Wala usifute kitu, wala usipeleke kwa fundi. Picha ya simu haiingii mahakamani kwa kuonyeshwa tu. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti kinachoeleza ilipigwa kwa chombo gani, na nani, na ilichapishwaje. Mwenye simu ndiye anayesimama kukitetea. Ukiiuza unauza shahidi. Na dadako wa Nairobi naye asifute yale mazungumzo.

Chapati Mbili

Jamaa wa sokoni atafute kioo kingine.

Mwana wa Nahodha (mrejesho, Novemba)

Salaam tena. Mniwie radhi kwa kimya.

Wakili alipeleka barua ya madai. Wakajibu kupitia mawakili wa bima yao, bila kukiri kosa, kwamba kwa huruma wako tayari kurudisha ada ya upasuaji, elfu 95, tukisaini kwamba hatuna dai tena milele. Nilimsomea mzee kwa Kiswahili taratibu. Aliuliza jambo moja tu, kama ile barua inaeleza kwa nini bendeji haikufunguliwa. Nikamwambia haielezi. Akasema basi hawajajibu.

Daktari wa Mombasa amekubali kuandika ripoti. Siwezi kuweka maneno yake hapa, wakili kakataza. Kesi imesajiliwa, Mahakama ya Hakimu Mkuu hapa Malindi. Kikomo chake cha madai ni shilingi milioni 20, sisi hatufiki huko hata kwa ndoto. Baraza la Madaktari nalo tumeliandikia, hayo yanakwenda njia yake.

Jana mzee akaniuliza kama hakimu atamwambia afungue shati. Nikamwambia hapana, picha zipo. Akanyamaza, akasema, "Picha haina harufu." Wakili anasema hilo ndilo atakalomwita mamangu kulisema.

Mzee wa Baraza

Mwanangu, nilikwambia samehe. Sijabadilisha. Lakini siku ya kutajwa nipigie, nitakuja nikae na babako. Benchi za pale ni ngumu kwa mtu mwenye tumbo.

Mwana wa Nahodha

Allah akulipe mzee wangu. Ni Desemba, saa tatu asubuhi. Nitakupigia.

Chombo anacho mdogo wangu sasa, kaskazi ndiyo inaingia. Shida iliyobaki nyumbani ni ya daftari. Wakili amelichukua lile lenyewe, nakala hataki, na dadangu analia toka juzi: upande wa mbele kuna masomo yake yote, na mtihani wa madrasa ni wiki ijayo. Leo jioni nakwenda ofisini kwake nikamtolee fotokopi ya upande wa mbele.